Jinsi ya kupanga orijini sita za Dragon Age bila kudanganywa na lisaa la kwanza

Ubishi wa orijini ipi (yani hadithi ya mwanzo ya mhusika wako) ni kali kuliko zote kwenye gemu ya Dragon Age: Origins umeanza gemu ilivyotoka 2009 na mpaka leo haujaisha, na mi naona hauishi kwa sababu watu wanabishana kuhusu vitu viwili tofauti bila kujua. Mmoja anaongelea lile lisaa la kwanza, jinsi alivyolia, jinsi alivyokasirika, mwingine anaongelea gemu nzima mpaka mwisho, alafu kila mmoja anamuona mwenzake hajacheza vizuri. Nimebishana hivo kwa muda mrefu sana na nilikuwa napoteza, mpaka nikakaa chini nikatengeneza utaratibu wa kulinganisha, ndo huu hapa.

Humu ndani kuna spoila za kufa mtu. Kama hujamaliza gemu kacheze kwanza alafu urudi, sitanii.

Kwa waliosahau, unavyotengeneza mhusika wako unachagua asili na klasi (mpiganaji, mwizi au mchawi), na hivo viwili ndo vinaamua unaanzia wapi. Binadamu asiye mchawi anakuwa mtoto wa bwana mkubwa wa Highever, ukoo wa Cousland. Elfi ana njia mbili, wa mjini anayeishi Alienage, ule mtaa wa waelfi ndani ya Denerim uliozungushiwa ukuta, au Dalish anayehamahama msituni na ukoo wake. Dwafu nae ana mbili, mtoto wa mfalme wa Orzammar, au mtu asiye na tabaka anayeishi Dust Town huku amechorwa alama usoni ili kila mtu ajue yeye sio kitu. Alafu ukichagua uchawi, uwe binadamu uwe elfi, wote mnaanzia kwenye mnara wa wachawi. Dwafu hana uchawi kabisa, usihangaike kutafuta hiyo batani. (Naandika dwafu, sio mbilikimo, maana kuna watu wa kweli wanaoitwa mbilikimo na hawahusiani kabisa na hawa wa chini ya mlima.)

Sasa kazi ya kwanza ni kuzicheza zote sita, zote, hata ile unayoichukia, na unacheza mpaka pale Duncan, kiongozi wa kikosi cha Grey Warden, anapokuchukua tu. Pale pale unasevu, unalipa faili jina linaloeleweka, unatoka. Usiendelee Ostagar, sehemu inayofata, kwa sababu kuanzia Ostagar wote mnatembea njia moja na utaanza kuchanganya utamu wa orijini na utamu wa gemu yenyewe. Kila moja inakula kama saa moja mpaka mbili ukiwa unaongea na watu wote, kwa iyo wiki moja ya jioni inatosha. Na usitumie kumbukumbu eti hii nilishacheza zamani, kumbukumbu inakuongopea, mi nilikuwa naapa kabisa kwamba orijini ya Cousland ina vita kubwa ya ngome, nilivyorudi nikakuta ni makorido, chumba cha akiba, na mama yako ameshika upinde.

Orijini ya elfi wa mjini icheze mara mbili, mwanaume na mwanamke, hili watu wengi hawalifanyi na ndo chanzo cha nusu ya ubishi. Ukiwa mwanaume, Vaughan, mtoto wa Arl (bwana mtawala) wa Denerim, anakuja kwenye harusi yenu anabeba bibi harusi wako pamoja na wanawake wengine, we na binamu yako Soris mnaingia kwenye jumba lake kuwatoa. Ukiwa mwanamke, unayebebwa ni wewe. Unaamka umefungiwa chumbani na wenzako mnasubiri mlango ufunguliwe, Soris anakusogezea upanga, na Nelaros, yule bwana harusi ambae hata hamjamaliza kufahamiana, anauwawa kwenye kujaribu kukufikia. Mlango ni mmoja lakini hadithi ni mbili. Kwa iyo mtu akikwambia elfi wa mjini ni ya kawaida, kabla hujapaniki muulize kwanza alicheza jinsia gani.

Alafu andika. Usitoe maksi bado. Kwa kila orijini chukua karatasi au simu uandike mistari mitatu tu: nani nilikuwa nae kabla mambo hayajaharibika, nini nimenyang'anywa, na nani amebaki hai huku nikiondoka. Mstari wa pili ndo wote tunaukumbuka maana ndo wenye machozi, ila hautofautishi chochote, orijini zote sita zinakunyang'anya kitu kikubwa, hiyo ndo kazi yake, Duncan hawezi kuchukua mtu ambae maisha yake yanaenda vizuri. Mistari inayotofautisha ni wa kwanza na wa tatu.

Wa kwanza unakuonyesha kama gemu ilikupa nafasi ya kukipenda kitu kabla haijakichukua. Mfano mzuri hapa ni mchawi, kwa ubaya. Unaamka baada ya mtihani wa Harrowing, kijana anaitwa Jowan amekusimamia kitandani, na gemu inataka uamini huyo ni rafiki yako wa siku nyingi. Wa siku nyingi wapi, ndo kwanza namuona! Baada ya dakika chache anakuomba umsaidie kuvunja kichupa cha damu yake, kile ambacho Templar, walinzi wa mnara, wanakitumia kumfatilia mchawi akitoroka, ili akimbie na mpenzi wake Lily, na wewe unatakiwa uumie kati ya urafiki na sheria za mnara. Sikuumia hata kidogo. Mara ya kwanza nilienda moja kwa moja kwa Irving, mkuu wa mnara, nikamchoma Jowan, na sio kwamba mhusika wangu alikuwa mtu wa sheria, hapana, mi mwenyewe nilikuwa simjui tu huyu kijana. Ndo maana huu mstari wa kwanza ni muhimu, ukikuta umeandika jina ambalo umeambiwa tu kwamba unalipenda, weka alama pembeni.

Linganisha na Rica kwenye orijini ya dwafu asiye na tabaka. Rica ni dada yako. Hakuna anayekuhubiria kwamba unampenda, unamkuta chumbani, mama yenu amelewa pembeni, na bosi wa magendo anaitwa Beraht anaingia kama kwake. Beraht ndo anayemgharamia Rica nguo na mafunzo ya kuongea vizuri ili apate mtu wa ukoo mkubwa azae nae, kwa sababu kwa sheria za Orzammar mwanamke asiye na tabaka akizaa mtoto wa kiume na bwana wa ukoo, ananyanyuliwa yeye pamoja na ndugu zake. Yani dada yako ndo mtaji wa nyumba nzima na wewe ndo unafanya kazi chafu ili mtaji usifilisike. Dakika tano tu na nilikuwa tayari kumuua Beraht bila kuombwa.

Mstari wa tatu, nani amebaki hai, huo mi nauita deni. Kila mtu anayebaki hai wakati unaondoka ni deni ambalo gemu imekopa kwako. Umeumia, sawa, sasa itakulipa lini? Orijini nzuri inalipa, tena inalipa wakati umeshaanza kusahau. Orijini mbovu inakopa kwa mbwembwe alafu inahama mtaa.

Sasa kwenye kuangalia malipo huhitaji kumaliza gemu mara sita, hapana, nenda sehemu zenye deni lako tu. Dwafu wote wawili, nenda Orzammar. Mchawi, nenda kwenye mnara na pia shuka kwenye magereza ya ngome ya Redcliffe. Elfi wa mjini na Cousland wote wako Denerim kuanzia pale unapoenda kumuokoa malkia Anora. Dalish, lala kambini usubiri. Kama una faili za zamani zilizofika mbali, tumia hizo.

Nianze na za haraka. Cousland inalipwa vizuri na inalipwa wazi kabisa, Howe aliyeua familia yako usiku mmoja unamkuta Denerim ana kwa ana na unamaliza nae, alafu mwishoni kaka yako Fergus anatokea kumbe yu hai, na hii ndo orijini pekee inayoweza kukupeleka kwenye kiti cha ufalme, mwanaume kwa kumuoa Anora, mwanamke kwa kuolewa na Alistair, Grey Warden mwenzako mwenye damu ya kifalme. Malipo yote yapo na risiti juu. Shida yangu nayo ni kwamba hakuna swali lolote ndani yake. Howe ni mbaya, unamtaka afe, anakufa, basi. Naipa nafasi ya nne na najua kuna watu watanirushia mawe.

Mchawi anapanda kuliko nilivyotegemea, na aliyempandisha ni Jowan yule yule niliyekuwa nimemdharau. Unamkuta Redcliffe kwenye selo, ndie aliyemwekea sumu Arl Eamon, bwana wa Redcliffe, kwa maagizo ya Loghain, yule jenerali aliyemsaliti mfalme. Mtu mwingine yeyote akifika pale anamuona mfungwa tu, we unamuona yule uliyemsaidia kutoroka au uliyemsaliti, na kwa namna yoyote ile kuna kipande cha ile sumu kinakuhusu. Kwa iyo orijini ya mchawi mwanzo wake mwepesi ila deni linalipwa na riba. Alafu ule mnara uliokulea unaukuta umejaa majini na maiti za watu uliokuwa unawasalimia kwenye korido. Nafasi ya tatu.

Elfi wa mjini ndo iliyonisumbua zaidi kupanga. Kuna kitu kimoja mle ndani nakiona ni cha hatari sana kwenye uandishi wa gemu: umefika kwa Vaughan, umepigana korido nzima, na anakwambia chukua sarafu 40 za dhahabu uondoke, uwaache wanawake kwake. Na unaweza kukubali! Ukikubali, baadae sana unamkuta Vaughan hai amefungwa kwenye jumba lile lile, na anakupa ofa nyingine, umtoe akupigie kura kwenye mkutano wa mabwana. Sijawahi kukubali zile hela kwenye mchezo wangu wa kweli, niliwahi kwenye faili la majaribio kwa ajili ya utaratibu huu, na nilizima gemu kwa muda kidogo baada ya kurudi Alienage. Na deni lenyewe linalipwa, maana ukirudi mtaani unakuta wafanyabiashara wa watumwa kutoka Tevinter wanawabeba waelfi kwa kisingizio cha ugonjwa, na baba yako ni mmoja wao. Mwisho wa gemu ukiombea mtaa wako, binamu yako Shianni anaweza kuwa bann, yani bwana, wa Alienage. Hii ni nafasi ya pili kwangu, na ukiniuliza siku ambayo nimecheza kama mwanamke nitakwambia ya kwanza.

Ila ya kwanza ni dwafu asiye na tabaka, na kumuelezea lazima nimuweke pembeni ya dwafu mtoto wa mfalme, maana hizi mbili zimefungwa kamba moja na kamba yenyewe inaitwa Bhelen.

Ukiwa mtoto wa mfalme, Bhelen ni mdogo wako. Anakuja kukunong'oneza kwamba kaka yenu mkubwa Trian anapanga kukuua, alafu Trian anakutwa amekufa, we ndo umesimama juu ya maiti, na Bhelen anatokea na baba yenu kukukuta pale pale. Unatupwa Deep Roads, yale mahandaki ya zamani yaliyojaa darkspawn, wale viumbe waovu ambao Grey Warden wanapigana nao, ukafie huko. Ukija kurudi Orzammar kama Grey Warden unakuta baba amekufa na kiti kinagombaniwa na wawili, Bhelen na mzee Harrowmont. Harrowmont ni mtu muungwana. Bhelen ndo huyo. Na gemu ina roho mbaya kwa sababu utawala wa Bhelen, pamoja na udikteta wake wote, ndo unaowafungulia maisha watu wasio na tabaka, wakati Harrowmont anaziba milango mji unarudi nyuma. Kwa iyo mtu aliyekuangamiza ndie anayefaa. Kali sana, sibishi.

Sasa toka hapo vaa viatu vya yule wa Dust Town. Ulivyoondoka ulikuwa umevaa deraya la mtu mwingine ukapigana kwenye mashindano matakatifu ambayo mtu wa tabaka lako hata kukanyaga uwanja haruhusiwi, ukashinda, na yule mwenye deraya akatokea amelewa chakari ukaumbuka mbele ya mji mzima. Unarudi, unaingia ikulu, na nani yupo ndani amevaa nguo za maana? Rica. Amefanikiwa. Ana mtoto wa kiume. Baba wa mtoto ni Bhelen. Yani yule nyoka aliyemuua kaka yake, kwako ni shemeji, na kwa kweli anaonekana anampenda dada yako, na ukimpa taji Harrowmont, Bhelen hakubali, anaanzisha vita pale pale kwenye baraza na anakufa, na ni wewe uliyemuachia Rica huo msiba. Chaguo ni lile lile, neno kwa neno, ila uzito umehama kabisa. Mtoto wa mfalme anajiuliza kama anaweza kumeza hasira, mtoto wa Dust Town anajiuliza kama anaweza kujifanya hajui. Na hapo bado hujakutana na Leske, rafiki yako wa kazi zote chafu, ambae unamkuta kwenye maficho ya Jarvia, aliyerithi genge la Beraht, amebadilisha upande na inabidi umalizane nae. Rafiki huyo sio kama Jowan, huyu mlitembea nae orijini nzima mkipiga stori za kijinga, kwa iyo inauma.

Kwa iyo mtoto wa mfalme ya tano? Ndio, ya tano, na sababu sio hadithi, hadithi yake ni nzuri, ni kwamba mwanzo wake unakimbia mno, unatambulishwa watu kama ishirini wa baraza alafu ghafla kaka amekufa. Trian mwenyewe unamuona anafoka tu. Ile mstari wa kwanza kwenye karatasi yangu ilikuwa na jina moja, Gorim, mlinzi wako, na huyo unamkuta Denerim sokoni anauza silaha ameshaoa, na anakupa ngao iliyotoka kwa baba yako. Ngao ile ilinigusa kuliko kifo cha Trian. Hapa wengine mtapanga tofauti na ni sawa, kama unapenda siasa hii inaweza ikawa ya kwanza kwako.

Ya mwisho Dalish. Na nasema kwa uchungu maana lile lisaa lake la kwanza ndo zuri kuliko yote kwa macho: msitu, magofu, rafiki yako Tamlen anachungulia kioo cha kale anasema anaona kitu kinasogea ndani yake, alafu giza. Unaamka una ugonjwa wa darkspawn, Tamlen hajulikani alipo, Duncan anakwambia njia ya kupona ni kujiunga, ukoo wako unakuaga. Karatasi yangu ilikuwa na majina kibao ya waliobaki hai, Marethari mlezi wa ukoo, Merrill mwanafunzi wake, ukoo mzima! Deni kubwa kuliko orijini zote. Na kinacholipwa ni usiku mmoja kambini, darkspawn wanavamia, mmoja wao ni Tamlen aliyeharibika, mnaongea sentensi chache, unamuua au anakufa, kesho yake hakuna anayeliongelea. Waelfi unaowakuta msitu wa Brecilian ni ukoo mwingine kabisa, wa Zathrian, wanakupokea vizuri kidogo kuliko wengine na imeisha hiyo. Kinachoniudhi zaidi, Merrill na kile kioo vilikuja kupewa hadithi ndefu nzuri kwenye Dragon Age II ya 2011, ila mhusika anayecheza kule sio wewe. Deni lako kalipwa jirani.

Mambo mawili ya kuangalia ukishapanga. Moja, orijini uliyoicheza kwanza kabisa maishani mwako inapanda nafasi moja au mbili bila sababu, karibu kila mtu iko hivo, kwa iyo iandike pembeni ni ipi na ujiulize kwa ukali zaidi (yangu ilikuwa Cousland, labda ndo maana nimeibana sana). Mbili, tenganisha listi ya ubora na listi ya mapenzi. Kuna orijini unajua kabisa ni dhaifu na bado unaipenda, ruksa, ila usilazimishe sababu za ubora kwenye mapenzi, ndo hapo unaanza kubishana saa nane usiku.

Huu utaratibu wa deni unafanya kazi na gemu nyingine pia ila sio zote. Skyrim ya 2011 hukopeshwi kitu, unaamka mfungwa kwenye mkokoteni hakuna anayekujua, huwezi kupanga hapo. Dragon Age: Inquisition ya 2014 orijini imekuwa aya ya kusoma wakati unachagua binadamu, elfi, dwafu au Qunari, kwa iyo mstari wa kwanza wa karatasi unabaki mtupu na inabidi uhukumu kwa malipo peke yake. Baldur's Gate 3 ya 2023 ni nzuri kujaribia, hasa Dark Urge ambae anaanza hakumbuki chochote zaidi ya hamu ya kuua, pale deni unalo ila hujui nani anakudai, na linalipwa mpaka dakika za mwisho. Ukitaka kumpanga Astarion au Karlach, safiri nao kama wenzako kwanza kabla hujawacheza wewe mwenyewe, maana ukiwa ndani yao unakosa kuwasikia wakijieleza, na kwa wale kujieleza ndo nusu ya utamu.

Listi yangu kwa leo basi: dwafu wa Dust Town, elfi wa mjini, mchawi, Cousland, mtoto wa mfalme, Dalish. Faili za orijini nyingine nimeshazifuta kupata nafasi, ila ya Dalish bado ninayo, nimeisevu ndani ya yale magofu, nje ya chumba cha kioo, Tamlen amesimama pembeni yangu bado anapiga stori.